Joka kwenye Bakuli si Muhuri wa Mfalme

Wananchi wa mwambao wanaoleta bakuli na sahani za kauri ya China katika ofisi yetu wameongezeka, na wengi wana yakini kwamba chombo chao kilitoka katika kasri la mfalme kwa kuwa kina joka au maandishi kitakoni. Tunawashukuru kwa kuja. Hata hivyo, tumekwisha kueleza mara nyingi kwamba joka peke yake si ushahidi.

Michoro hiyo ni dua. Kwa Kichina, popo huitwa fu, sauti ileile ya neno la baraka, na kwa hiyo popo watano ni baraka tano: umri mrefu, mali, afya, kupenda wema na mwisho mwema. Samaki, yu, hutamkwa sawa na neno la ziada. Komamanga, kwa wingi wa punje zake, huombea watoto wengi. Mchoro husomwa kwa sauti yake, kama fumbo. Dua hizo zilichorwa kwa ajili ya mfalme na pia kwa ajili ya mfanyabiashara, na ndiyo maana zimejaa katika vyombo vya kawaida vilivyoletwa na majahazi na kupangwa katika zidaka za nyumba za Lamu.

Joka la kucha tano lilihusishwa na mfalme, lakini nalo liliigwa. Hata alama ya enzi, yaani jina la mfalme lililoandikwa kitakoni, haitoshi: mafundi wa Jingdezhen, mji wa kauri wa China, wa zama za mfalme Kangxi (1662–1722) waliandika jina la mfalme Chenghua, aliyetawala 1465–1487, bila kusudi la kudanganya kila mara, kwa kuwa walikuwa wakiwaenzi watangulizi wao. Isitoshe, mwanzoni mwa enzi ya Ming, ukoo wa wafalme wa China, vyombo vya tanuri la kifalme vilivyokutwa na dosari vilivunjwa na kufukiwa papo hapo, visiingie sokoni. Anayeamini kwamba bakuli la kifalme lilimponyoka mlinzi likafika shambani kwake, na alete hoja nzito zaidi.

Sasa sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya Kenya ya mwaka 2006, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa kitu cha kale, isipokuwa kitabu au hati. Aliyegundua kitu chenye thamani ya kiakiolojia anapaswa kutoa taarifa ndani ya siku saba, akitaja mahali hasa na mazingira ya ugunduzi. Kukisafirisha nje ya nchi kunahitaji kibali, na kinyume cha hayo ni kosa. Urithi wa bibi uliomo kabatini hatukunyang'anyi. Tunachokataza ni kubandua mabakuli kwenye makaburi ya mnara, yaliyopachikwa bakuli kwenye chokaa, kama yale ya Mambrui, ambako anayebandua huondoka na vigae na kuacha shimo la duara katika chokaa.

Ukileta chombo, usikisugue kwa steliwaya wala asidi. Leta kwanza picha ya kitako, ukingo na udongo uliokwama, kwa maana udongo huo hutueleza mengi kuliko joka.