Sitar ikilia, si lazima iwe raga

Tuziweke kando kwanza raga mbili zisizohusika: ile ya mpira wenye umbo la yai, na ile iliyotoka Jamaika ikajaza kumbi za dansi miaka ya tisini. Raga ninayoisema hapa ni ya muziki wa kiklasiki wa India, na siku hizi inatajwa ovyo mno. Jukwaani kuna sitar, ile ala ya nyuzi ya Kihindi, na saksafoni, sinthesaiza na kompyuta. Mshereheshaji anashika maikrofoni na kututangazia kwamba usiku huu raga inakutana na jazi. Muziki unanoga, watu wanapiga makofi, mwisho taa zinawashwa na hakuna raga hata moja iliyopigwa. Sitar ilikuwepo, basi.

Raga ni utaratibu anaoufuata mwanamuziki anapobuni sauti papo hapo: noti zipi zinaruhusiwa, ukipanda unapitia wapi, ukishuka unarudi vipi, noti ipi ni ya kutulia na ipi ya kuguswa tu, vipande gani vya sauti vinaitambulisha, na huko Kaskazini mwa India, hata ni saa gani ya siku inafaa kupigwa. Si wimbo, maana raga moja inabeba nyimbo chungu nzima. Wala si ala. Sitar ina kibuyu, ina nyuzi na ina vipande vya chuma vya kukanyagia vidole. Raga haina hivyo vyote, na unaweza kuiimba kwa koo lako tu.

Hayo hayana ubishi. Kinachoniudhi ni ile tafsiri ya haraka kwamba raga ni "skeli ya Kihindi", yaani ngazi ya noti tu.

Walioimba kwaya wanajua do, re, mi. Wahindi wana Sa, Re, Ga, Ma, Pa, Dha, Ni, mpangilio uleule wa noti saba. Sasa chukua tano tu: do, re, mi, so, la. Hizo ndizo noti za raga Bhupali. Ni noti za raga Deshkar pia, zilezile tano, bila kuongeza wala kupunguza. Kama raga ingekuwa skeli, hizi zingekuwa kitu kimoja chenye majina mawili. Lakini Bhupali ni ya usiku unapoanza, na sauti yake inatulia kwenye mi. Hapo ndipo inapopumzika, na hapo inarudi kila ikizunguka. Deshkar ni ya asubuhi. Inakaa juu, kwenye la, na re inaguswa kwa haraka kama kaa la moto. Mwanafunzi anayepiga Bhupali akikawia kwenye la, mwalimu humkatiza: umeshaingia Deshkar, rudi. Hajakosea noti. Amekosea mwendo, na wenyewe huuita hivyohivyo, chalan, yaani mwendo.

Skeli India zipo, na zina jina lake: thaat. Vishnu Narayan Bhatkhande, mtaalamu aliyefariki mwaka 1936, alizipanga raga za Kaskazini katika thaat kumi, na mpango wake bado unafundishwa. Bhupali aliiweka chini ya Kalyan, Deshkar chini ya Bilawal. Huyu ndiye mtu aliyetuachia makabati ya skeli, na bado raga mbili zenye noti zilezile akazitia kwenye makabati mawili tofauti, kwa sababu alisikia zinavyotembea.

Wapenzi wa taarab ya Unguja hili haliwapi shida. Mpiga udi anayefuata maqamu, utaratibu wa muziki wa Kiarabu, anajua kwamba maqamu nayo ni zaidi ya ngazi ya noti. Mombasa ni habari nyingine kidogo. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab wa huko, aliimba mashairi ya Kiswahili kwa tuni za filamu za Kihindi, akapendwa pwani nzima. Lakini kilichovuka bahari pale ni tuni. Hata tuni iliyotungwa kwa kufuata raga haikupi ruhusa ya kusema umepiga raga, maana umeipokea ikiwa imeshakamilika, hujabuni kitu.

Turudi jukwaani. Ugomvi wa raga na jazi hautokani na saksafoni. Unatokana na piano na besi. Katika raga, Sa, yaani do yao, haihami. Tanpura, ala ya nyuzi ya kuvumisha tu, inaivumisha nyuma tangu mwanzo hadi mwisho, na kila noti inapata maana yake kwa kupimwa na mvumo huo. Jazi ya kawaida hubadilisha noti za chini kila baada ya mapigo machache. Piga mi ya Bhupali wakati besi iko kwenye do, utaisikia ni mi. Besi ikihamia la, sauti ileile, kidole hakijasogea, sikio sasa linaipokea kama so. Ile noti ya kutulia imepokonywa kiti chake.

Sitar yenyewe hulalamika. Chini ya nyuzi zinazopigwa kuna nyingine kumi na moja au zaidi ambazo kwa kawaida zinaitikia zenyewe tu, na hutiwa sauti kwa noti za raga iliyochaguliwa. Ndiyo maana wapiga sitar huchukua muda mrefu kukaza nyuzi kabla ya kuanza. New York, Agosti 1971, kwenye tamasha la kuchangia Bangladesh, umati ulimpigia mpiga sitar Ravi Shankar makofi kwa kukaza nyuzi tu, ukidhani muziki umeanza. Jazi ikihama kwenda noti nyingine, nyuzi hizo za chini hazina cha kuitikia. Zinanyamaza, na nusu ya utamu wa sitar inanyamaza nazo.

Ndiyo sababu mikutano iliyofaulu mara nyingi ilipitia jazi isiyohamahama. Mpiga tarumbeta Miles Davis alionyesha mwaka 1959 kwamba unaweza kukaa mahali pamoja muda mrefu na bado ukawa na la kusema. Miaka miwili baadaye mpiga saksafoni John Coltrane akarekodi New York kipande alichokiita "India". London, Joe Harriott wa Jamaika na John Mayer, mzaliwa wa Kolkata, waliunganisha vikundi viwili vya watu watano watano, na muziki wao wa mwaka 1966 wakauita Indo-Jazz. Jina hilo nalipenda. Halidai zaidi ya kilichomo. Mwaka huohuo ndipo watu wa roki walipoanza kubandika neno raga kwenye gitaa lolote linalovuma, na tangu hapo imekuwa kazi kulibandua.

Vifaa vya kielektroniki, ambavyo wengi hudhani ndivyo vinavyoiharibu raga, vina urafiki nayo kuliko piano. Mashine haichoki kuvumisha Sa. Mwaka 1982 huko Mumbai, Charanjit Singh, mwanamuziki wa studio za filamu, alikaa na mashine tatu za muziki za kampuni ya Roland akarekodi raga kumi juu ya mdundo wa disko: Bhairav, Todi, Yaman, Malkauns na nyinginezo. Hakuna sitar humo. Albamu hiyo haikuuza, hadi ilipotolewa upya mwaka 2010 na wapenda dansi wa Ulaya wakashika vichwa. Mashine moja, TB-303, inaweza kutelezesha sauti kutoka noti moja hadi nyingine, jambo ambalo mpiga sitar hulifanya kwa kuvuta uzi pembeni na ambalo piano haiwezi kabisa. Mimi nasema Singh alikuwa karibu na raga kuliko maonyesho mengi ya sitar na jazi niliyoyasikia.

Kwa hiyo ukiona bango linaahidi raga, muulize mpigaji kwa adabu: raga gani? Kila raga ina jina. Akikwambia Yaman au Bairagi, kaa umsikilize anavyopanda na anavyoshuka. Akikwambia ni mchanganyiko tu, kaa vilevile, huenda ukapata burudani kubwa zaidi. Ila kesho ukiwasimulia wenzako, waambie ulisikia sitar na jazi.