Kuzungusha Pedeli Hewani: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Miongoni mwa vijana wa Tabora wanaopenda michezo ya baiskeli, mtindo wa kuzungusha pedeli hewani unatamaniwa sana na kueleweka vibaya sana. Mwendeshaji huruka na baiskeli yake, na magurudumu yote mawili yakiwa yameachana na ardhi huzisukuma pedeli kinyumenyume, zikamaliza mzunguko mmoja kamili chini ya nyayo zake, kisha huzidaka kwa miguu kabla ya kutua. Ni mtindo wa waendeshaji wa BMX, baiskeli ndogo za michezo ya kuruka, na wa baiskeli za traiali, yaani zile zilizoundwa kwa ajili ya kupanda na kuruka vizuizi bila mguu kugusa chini. Huku kwetu umefika kwa njia ya video za simu, na video haionyeshi kinachotendeka ndani ya friwili, yaani kifaa kinachoshika pedeli zikisukumwa mbele na kuziachia zikirudi nyuma. Ndiyo maana maelezo wanayopeana vijana, kuanzia Ng'ambo hadi Kiloleni, yana makosa yanayowaumiza bure.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba mtindo huu unadai nguvu nyingi: uruke juu sana, kisha uipige pedeli teke kubwa. Ukweli ni kwamba mwendeshaji na baiskeli yake wakinyanyuka pamoja kwa sentimita 30 tu hukaa hewani kwa takriban nusu sekunde, na ili wakae sekunde nzima ingewabidi wanyanyuke zaidi ya mita 1.2, kwa sababu kurefusha muda wa hewani mara mbili kunadai kimo mara nne. Anayehangaikia kimo, basi, anatoa jasho jingi kwa faida ndogo. Katika ile nusu sekunde, tukitenga sehemu ya kusukuma na sehemu ya kudaka, pedeli hubakiwa na kama sekunde 0.3 za kuzunguka, sawa na kasi ya mizunguko 200 kwa dakika. Kasi hiyo inaonekana kubwa mno kwa mtu anayewaza kupanda kilima na mzigo, lakini hapa pedeli hazivuti mzigo wowote. Mikono miwili ya pedeli imepangwa pande zinazokabiliana, kila mmoja ukisawazisha uzito wa mwenzake, na kinachoipinga safari yake ni msuguano tu. Msukumo mfupi wa haraka unatosha. Teke kubwa huzizungusha pedeli kupita kiasi, na baya zaidi, huuvuta mwili wote upande mmoja wakati ambapo hakuna kitu cha kujishikiza.

Tena wengi hufikiri kwamba kazi yote ni ya mguu unaosukuma. Pedeli zikiwa zimelala sawa, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, kuzizungusha kinyumenyume maana yake ni kwamba pedeli ya nyuma inashuka na ya mbele inapanda. Mguu wa nyuma ndio unaosukuma kuelekea chini, lakini mguu wa mbele usipoondoka mapema, pedeli inayopanda itagonga unyayo wake na kusimama palepale. Nimeona vijana wakilaumu baiskeli, wakilaumu viatu, hata wakilaumu ardhi, ilhali kilichokwamisha ni mguu wa mbele uliochelewa kunyanyuka. Kwa hiyo zoezi la kwanza ninalolipendekeza ni la kuruka kidogo na kuinua nyayo zote mbili juu ya pedeli, magoti yakipanuka kidogo, bila kusukuma chochote, mpaka mwili uzoee kuziacha pedeli na kuzirudia.

Wapo pia wanaoamini kwamba breki ya nyuma ikishikwa pedeli haziwezi kuzunguka. Hili si kweli, na kulielewa kunampa mwanafunzi njia salama ya kuanza. Friwili hushika upande mmoja tu, ule wa kwenda mbele. Upande wa kurudi nyuma iko huru, gurudumu likiwa linatembea au limefungwa kwa breki. Katika baiskeli nyingi za traiali friwili haikai kwenye gurudumu la nyuma bali mbele, penye mikono ya pedeli, na kwa sababu hiyo pedeli zinapozungushwa kinyume haziiburuti cheni. Baadhi ya friwili hizo hushika kila baada ya nyuzi 5, yaani sehemu 72 katika mzunguko mmoja, ili pedeli isiende bure sana mwendeshaji anapokanyaga. Mtu anaweza, basi, kusimama palepale, kushika breki ya nyuma, kuruka na kuzungusha pedeli, jambo ambalo kwa anayejifunza ni afadhali kuliko kujaribu akiwa kwenye mwendo. Baiskeli isiyofaa kabisa ni ile ambayo pedeli zikirudishwa nyuma ndipo inapofunga breki.

Breki hiyo ina msaada mwingine wakati wa kutua, na hapa ndipo penye kosa linaloangusha watu wengi. Huambiwa kwamba ukishazidaka pedeli umemaliza. Lakini pedeli zile zile zilizokuwa huru kurudi nyuma hewani bado ziko huru kurudi nyuma ardhini. Mtu akitua na uzito wote kwenye mguu wa nyuma, pedeli hiyo inateleza kwenda chini na mwili unaifuata. Breki ikiwa imeshikwa na uzito ukiegemea kidogo mguu wa mbele, friwili inashika na pedeli zinakuwa imara chini ya miguu. Kwenye mwendo msaada huo haupo kwa kiasi hicho, hivyo uzito hauna budi kugawanywa sawa kwa miguu yote miwili.

Je, ni lazima mtu awe na baiskeli ya traiali? Si lazima, ingawa si kila baiskeli itafaa. Baiskeli ya traiali huwa na uzito wa kilo 10 hivi au pungufu, na mara nyingi haina hata kiti, wakati Phoenix inayobeba mkaa na asali katika barabara zetu hukaribia kilo 20, pini za mikono yake hulegea kwa kurukwarukwa, na friwili yake iko nyuma, kwa hiyo kurudisha pedeli ni kuiburuta cheni yote. Kwa maoni yangu Phoenix iachwe kwenye kazi yake. Baiskeli ndogo za mtumba zinaweza kufaa, lakini zenye gia kadhaa zina hatari ya cheni kulegea na kuchomoka pedeli zinaporudi kwa kasi. Kipimo ni rahisi: inua gurudumu la nyuma, isukume pedeli kinyume kwa mkono, na uangalie. Ikisimama kabla ya kumaliza mizunguko miwili, mpelekee fundi asafishe friwili, atazame goroli na kurekebisha cheni, hasa baada ya masika, matope yanapokuwa yameingia kila mahali.

Kuhusu mashindano, jibu ni fupi. Mashindano ya dunia ya traiali yamekuwapo tangu 1986, na kinachopimwa ni kuvuka vizuizi bila kukanyaga chini. Kuzungusha pedeli hakumwongezei mtu alama. Ni mtindo wa mitaani, na hauhitaji kisingizio kingine cha kupendwa.

Mwisho ni hofu ya kuvunjika shingo, ambayo wazazi wengi wanayo. Kofia ngumu ni ya lazima, lakini jeraha la kawaida la mtindo huu liko kwenye ugoko, ambapo pedeli ya chuma inayozunguka humpiga mtu aliyekosea kudaka. Vikinga vya ugoko vya wachezaji wa mpira vinafaa vizuri, pamoja na viatu vya soli bapa badala ya kandambili, na ardhi ngumu ya changarawe iliyoshindiliwa badala ya mchanga, ambao hula nguvu ya kuruka. Jeraha likitokea lioshwe mara moja kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, na ambaye hana uhakika na chanjo yake ya pepopunda aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo.