UFO: jeshi linachunguza nini hasa?

UFO ni kitu chochote kilichoonekana angani ambacho aliyekiona, au rada iliyokinasa, haikuweza kujua ni nini. Viumbe wa sayari nyingine hawamo katika maana hiyo, ingawa magazeti na sinema zimewapachika humo kwa miaka mingi. Mwaka 1947, rubani Kenneth Arnold aliposema ameona vitu tisa vikipita kwa kasi karibu na Mlima Rainier, wakuu wa jeshi la Marekani walikuwa na hofu ya karibu zaidi: isije ikawa ni silaha mpya ya Warusi.

Ndiyo maana kazi ilikwenda kwa Jeshi la Anga. Mradi wake uliodumu kuliko yote, Blue Book, ulianza 1952 ukafungwa 1969, na ofisi yake ilikuwa kambi ya Wright-Patterson, Ohio. Ukijumlisha na miradi iliyoutangulia, kuanzia 1947 hadi ulipofungwa zilikusanywa ripoti 12,618, na 701 kati yake zikabaki bila jibu. Wapenzi wa UFO huishikilia sana hiyo 701. Lakini ripoti nyingine hukosa jibu kwa sababu tu maelezo yake ni haba: hakuna picha, saa haijulikani, shahidi ni mmoja.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kikarani. Uliona saa ngapi? Upande gani? Kilikaa muda gani? Majibu yalilinganishwa na mahali zilipokuwa nyota na sayari, safari za ndege na maputo ya hali ya hewa. Mshauri wao, mwanafalaki J. Allen Hynek, aliijua vizuri sayari ya Zuhura, ambayo imewadanganya hata marubani. Ikiwa chini karibu na upeo wa macho, hewa huifanya imetemete na kubadilika rangi, na kwa dereva aliye barabarani huonekana kama inamfuata. Siku hizi setilaiti za Starlink, zikipita kwa mstari mmoja muda mfupi baada ya kurushwa, zinawashtua watu vilevile.

Lakini jibu la haraka nalo lina hatari yake. Januari 7, 1948, watu wa Kentucky waliripoti kitu cheupe kikubwa angani. Kapteni Thomas Mantell, aliyekuwa akipita na wenzake kwa ndege za kivita za F-51, aliombwa akitazame. Akapanda, akapita futi 20,000 bila vifaa vya oksijeni, huku wenzake wakigeuza. Inaaminika alizimia kwa kukosa hewa. Ndege ikaanguka, naye akafa. Maelezo ya kwanza yaliitaja Zuhura, na hayakuwaridhisha wengi, kwani mchana ule sayari hiyo ingeonekana kwa shida sana. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni puto la Skyhook, lenye upana wa takriban mita 30, la Jeshi la Wanamaji. Mradi huo ulikuwa siri, na Mantell hakuujua.

Kwangu mimi, hapo kwenye siri za serikali yenyewe ndipo penye uhondo wa habari hii yote, kuliko kwenye hadithi za wageni kutoka anga za mbali. Agosti 1955 ndege ya kijasusi ya U-2 ilianza kuruka, ikipanda zaidi ya futi 60,000 wakati ndege nyingi za abiria zilikuwa kati ya 10,000 na 20,000. Jua likishazama kwa rubani wa abiria, kule juu bado liliwaka kwenye mabawa yale ya rangi ya fedha, naye akaona moto unaotembea. Wanahistoria wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, wameeleza kwamba wachunguzi wa Blue Book walikuwa wakiwasiliana na watu wa mradi huo Washington ili kulinganisha ripoti na kumbukumbu za safari za U-2. Jibu walilipata, ila hawakuruhusiwa kumwambia aliyewaandikia barua kuuliza.