Pengo la ugonjwa kwenye CV: anza na tarehe

Waombaji wengi wa kazi hapa Tanzania huandika pengo, yaani kipindi cha kukaa bila kazi, refu kuliko lililokuwepo. Huhesabu kuanzia siku waliyoacha kwenda ofisini, ilhali ukiwa kwenye likizo ya ugonjwa bado ni mwajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo hiyo katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kinachohesabika ni tarehe mkataba ulipokoma.

Tuseme ulilazwa Machi 2023, mkataba ukakoma Julai 2023, daktari akakuruhusu kufanya kazi mwishoni mwa Januari 2024. Kazi yako iliishia Julai. Pengo ni Agosti hadi Januari, na linatosha mstari mmoja: “Agosti 2023 – Januari 2024: Mapumziko ya matibabu. Niko tayari kwa kazi ya muda wote.” Jina la ugonjwa halina nafasi hapo.

Kabla ya kuandika, chukua cheti cha utumishi, ambacho mwajiri anawajibika kukupa mkataba unapokoma, na unakili tarehe zake zilivyo. Usisogeze mwisho wa kazi mbele ili kuziba miezi. Afisa rasilimaliwatu akilinganisha CV na cheti, ugonjwa ambao angeuelewa unageuka kuwa udanganyifu, na hilo laweza kukuondoa kazini hata baada ya kuajiriwa. Pia wapigie mapema wadhamini wako, wale uliowaandika kwenye CV waulizwe habari zako, mkubaliane maneno. Nimeona mara nyingi mdhamini mwenye nia njema akieleza ugonjwa wote kwenye simu, tena kwa huruma.

Kwenye usaili, sema kabla hujaulizwa, kwa nusu dakika: “Nilisimama kazi kwa matibabu, yamekamilika, daktari ameniruhusu kurudi.” Kisha ingia moja kwa moja kwenye kazi: mfumo wa hesabu unaoumudu, kozi uliyosoma ukiwa nyumbani. Wengi huharibu hapa kwa kuendelea kujieleza, na kila sentensi ya ziada huzaa swali jipya. Ukiulizwa uliumwa nini, jibu kwa upole: “Ni suala la afya lililotibiwa, halizuii majukumu ya nafasi hii.” Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, ujauzito au VVU, na ulinzi huo unamhusu hata mwombaji wa kazi.

Kama bado unahudhuria kliniki, usiseme “yamekamilika”. Sema “hali imetulia”. Ombi la ruhusa ya kliniki lipeleke ukishapata barua ya ajira, kabla ya kusaini, ukitaja siku na saa: “Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa mbili hadi saa sita mchana.” Na ukitumwa kupimwa afya, mjibu daktari ukweli wote, fomu yake si CV.