Ziwa Huharibikia Nchi Kavu: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Maji ya Ziwa

Maji ya ziwa yakigeuka kijani, watu huanza kumtafuta mkosaji humo humo majini: boti iliyomwaga mafuta, mvuvi aliyetupa taka, bomba la kiwanda. Wakati mwingine wanampata. Lakini mara nyingi chanzo kiko shambani, barabarani na kwenye nyua za watu ambao wangeshangaa kuambiwa kwamba wanahusika. Inauma kuona watu wenye nia njema wakiliharibu ziwa wanalolipenda kwa sababu tu wameaminishwa mambo yasiyo ya kweli.

Dhana: "Kulinda ziwa ni kazi ya wanaoishi kando yake."

Kila ziwa lina bonde lake, yaani eneo lote ambalo mvua ikinyesha, maji huelekea ziwani, yawe yamepita mtoni, mtaroni au chini ya ardhi. Bonde la Ziwa Victoria linaingia hadi Rwanda na Burundi, nchi ambazo haziligusi ziwa hilo popote. Maji yao hufika kwa Mto Kagera, na udongo unaomomonyoka vilimani huja nayo.

Ndiyo maana mpango wa maana huanza na ramani ya bonde zima: mito ipi inaingia, mteremko mkali uko wapi, wapi pana mashamba, wapi pana makazi, kinamasi kipi bado kiko hai. Kisha maji ya kila mto hupimwa, hasa wakati wa mvua kubwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya udongo na mbolea husafiri katika siku hizo chache. Aghalabu hugundulika kwamba kipande kidogo cha bonde ndicho kinacholeta uchafu mwingi kuliko ukubwa wake. Anayejua kipande hicho anajua pa kupeleka fedha na nguvu zake. Asiyejua atapanda miti mahali ambapo haikuwa na haja.

Dhana: "Mbolea kidogo tu haiwezi kulidhuru ziwa kubwa."

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Katika maziwa mengi ya maji baridi, kinachozuia mwani, yaani vimea vidogo vinavyoyageuza maji kuwa kijani, usitawale ni uhaba wa fosforasi, kirutubisho kilichomo katika mbolea nyingi. Mwaka 1973, watafiti nchini Kanada wakiongozwa na David Schindler walichukua ziwa dogo la Ontario, lililopewa namba 226, wakaligawa kwa pazia mahali lilipobanana katikati. Upande mmoja wakatia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili wakatia hizo hizo, wakaongeza fosforasi. Upande wa fosforasi ukageuka kijani kibichi huku mwenzake ukibaki na rangi yake, tofauti ambayo ilionekana wazi hata kwenye picha iliyopigwa kutoka angani. Hesabu inayotumiwa sana ni kwamba kilo moja ya fosforasi yaweza kuotesha hadi kilo 500 za mwani mbichi.

Fosforasi hiyo hung'ang'ania chembe za udongo. Udongo ukishuka, nayo inashuka. Kwa hiyo anayezuia mmomonyoko shambani kwake analilinda ziwa hata kama hajawahi kuliona. Na haitoki kwenye mifuko ya mbolea peke yake: samadi iliyorundikwa karibu na mtaro, majani yaliyofagiliwa majini, jivu la takataka zilizochomwa ufukoni, vyote vinayo. Pima udongo kabla ya kununua mbolea, kwani huenda fosforasi iliyomo inatosha. Jimbo la Minnesota nchini Marekani, lenye maelfu ya maziwa, liliweka sheria ya kuzuia fosforasi katika mbolea za bustani za nyasi, na tangu 2005 inatumika jimbo zima.

Dhana: "Ufuko uliofyekwa ndio ufuko safi."

Dhana hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa kuwa anayeiamini huwa ni mtu mwenye bidii. Ananunua kiwanja, anang'oa matete, anaotesha nyasi fupi hadi ukingoni, kisha anajenga ukuta wa zege. Panapendeza machoni. Lakini mizizi ya nyasi zile ni mifupi, haiwezi kuushika ukingo. Wimbi likigonga ukuta hurudi kwa nguvu na kuchimba chini, likitibua tope na kuwahamishia majirani mmomonyoko. Matete na mafunjo yalikuwa yakilipunguza wimbi hilo makali, na katikati ya mashina yake ndimo samaki wengi hutaga na vifaranga hujificha.

Ukitaka kuona tofauti kwa macho, nenda ufukoni mvua kubwa inaponyesha. Penye njia iliyonyooka kutoka nyumbani hadi majini utaona ulimi wa maji ya kahawia ukiingia ziwani. Hatua chache pembeni, penye vichaka na nyasi ndefu, maji yanapungua mwendo, yanaacha mchanga wake kwenye majani, mengine yanazama ardhini. Huhitaji kuacha kiwanja chote kiwe pori. Acha ukanda wa uoto wa asili ukingoni, mpana kadiri unavyoweza, na upitishe njia moja nyembamba yenye kona. Maji ya paa yaelekeze kwenye udongo unaofyonza, yasiende mtaroni.

Dhana: "Choo hakifuriki, kwa hiyo hakina shida."

Tangi la maji taka laweza kuvuja chini kwa chini kwa miaka bila harufu yoyote juu. Udongo huchuja vimelea pale tu panapokuwa na kina cha kutosha cha udongo mkavu kabla ya kufika maji ya ardhini, na uwezo wake wa kuishika fosforasi una mwisho. Tope linyonywe kila baada ya miaka michache, na shimo la kufyonzea liwe mbali na maji.

Dhana: "Sabuni inayooza yenyewe haina madhara ziwani."

Huoza vizuri ikiwa kwenye udongo. Fulia na kuogea mbali na ukingo.

Dhana: "Maji yenye mwani yakichemshwa yanafaa kunywa."

Hapana, na hili ni la hatari. Baadhi ya bakteria wa kijani-buluu, ambao watu huwaita mwani pia, hutoa sumu ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua sufuriani, sumu inazidi kukolea. Agosti 2014, wakazi wapatao 400,000 wa Toledo, Ohio, na viunga vyake waliambiwa wasinywe maji ya bomba, wala wasiyachemshe, baada ya sumu hiyo kupatikana katika maji yaliyotoka Ziwa Erie.

Dhana: "Likishaharibika, basi tena."

Ziwa Washington, kando ya Seattle, lilikuwa likipokea maji taka ya miji. Kati ya 1963 na 1968 maji hayo yalielekezwa kwingine, na katika miaka michache maji ya ziwa yakaanza kung'aa. Si kila ziwa hupona upesi hivyo. Tope la chini lililohifadhi fosforasi ya miaka mingi huirudisha majini pale oksijeni inapoisha huko chini, hata baada ya vyanzo vya juu kuzibwa. Wanaotekeleza mpango waambiwe hilo mapema, wasije wakakata tamaa mwaka wa pili.

Kupima uangavu wa maji kunasaidia hapo, na kifaa chake ni rahisi: sahani ya Secchi, duara la sentimita 20 lenye rangi nyeusi na nyeupe, linaloteremshwa kwa kamba hadi lisionekane tena. Andika kina hicho, tarehe na hali ya hewa. Pima mahali pale pale, saa za mchana, kila baada ya wiki mbili, kwa miaka kadhaa. Kipimo kimoja kinaweza kuwa ni upepo wa jana tu.