Leontyne Price na ile C ya juu ya Aida

Ukisoma yaliyoandikwa kuhusu Leontyne Price, mwimbaji wa opera wa Marekani, utakuta sifa tele: sauti tamu, sauti iliyoiva, sauti ya kumtoa mtu machozi. Anastahili zote. Ila sifa za aina hiyo hazimwambii msikilizaji atege sikio wapi. Mimi humpeleka mtu moja kwa moja kwenye aria (wimbo wa mwimbaji mmoja) ya "O patria mia", sehemu ya tatu ya opera ya Verdi iitwayo Aida, kwa sababu pale soprano, yaani mwanamke mwenye sauti ya juu, hana pa kujificha.

Aida, binti mfalme wa Ethiopia aliye mtumwa Misri, yuko ukingoni mwa Nile, usiku, akiililia Ethiopia ambayo haamini kama ataiona tena. Zumari la obo linatangulia, na orkesta inapiga kwa sauti ndogo sana. Wimbo unapanda taratibu hadi noti ya C ya juu, na hapo Verdi ameandika dolce: noti iimbwe kwa upole. Kuipiga C kwa kishindo si kazi kubwa kwa soprano mwenye nguvu. Kuifikia kwa upole baada ya kupanda kote huko, halafu ushuke bila kukata pumzi, hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Aliyetumia pumzi nyingi mwanzoni mwa sentensi hufika juu akiwa mtupu, na noti hupasuka au hushuka nusu ya hatua. Mwenye hofu hukaza ulimi na koo, na sauti hutoka nyembamba.

Kuna sababu ya kimaumbile pia. C hiyo ni mitetemo ipatayo 1,047 kwa sekunde, juu ya kiwango ambacho kinywa kwa kawaida huikuza sauti katika irabu nyingi. Mwimbaji hana budi kufungua taya zaidi kadiri anavyopanda, ili kinywa kiifuate noti. Akiing'ang'ania "i" iliyobana, mwangwi unapotea na anaanza kusukuma kwa koo. Kwa hiyo maneno yakififia kule juu, usimlaumu haraka. Huo ndio ufundi wenyewe.

Kwa Price, ninachokisikia ni kwamba kupanda hakuna mshono. Soprano wengi hubadilika rangi wakivuka kwenye E, F na F kali (nusu hatua juu ya F) zilizo chini kidogo ya kilele. Yeye anavuka na rangi ileile, na sauti inazidi kung'aa. Sikiliza pia mtikisiko wa noti zake ndefu. Mtikisiko mzuri huwa kati ya mara 5 na 7 kwa sekunde. Ukipungua chini ya hapo sauti inayumba, ukizidi inalia kama mbuzi. Wake umetulia, hata anapoimba kwa sauti ndogo kabisa, na sauti ndogo ndiyo inayofichua kila kasoro.

Hakuwa mkamilifu. Noti zake za chini zilikuwa na mkwaruzo, na kadiri miaka ilivyopita zilizidi kujitenga na zile za kati. Linganisha Aida aliyorekodi Roma mwaka 1961 orkesta ikiongozwa na Georg Solti na ile ya London ya 1970 iliyoongozwa na Erich Leinsdorf: katika ya pili sauti ya chini ni nzito na ya kifua zaidi. Wapo wanaoipenda hiyo. Mimi naichagua ya 1961, kwa ajili ya wepesi wake.

Kuhusu uigizaji, lawama ya siku zote ni kwamba hakujongea sana jukwaani. Naona lawama hiyo imezidishwa. Opera huimbwa bila maikrofoni, na ukumbi wa sasa wa opera wa Metropolitan, New York, ambao Price mwenyewe aliuzindua mwaka 1966 akiwa Cleopatra, una viti takriban 3,800. Kila mwimbaji anapogeuza uso pembeni au nyuma, watu wa viti vya mbali wanapoteza sehemu ya sauti. Kutulia kwake kulikuwa na faida. Na hakukuwazuia watu kumpenda: alipoimba kwa mara ya kwanza Metropolitan, tarehe 27 Januari 1961, akiwa Leonora katika Il trovatore, opera nyingine ya Verdi, makofi yanasimuliwa kuwa yalidumu dakika 42.

Onyesho lake la kuaga opera lilikuwa Aida, tarehe 3 Januari 1985, akiwa na umri wa miaka 57, na lilionyeshwa kwenye televisheni. Tazama "O patria mia" ya usiku ule mara mbili. Mara ya kwanza angalia mabega na shingo kabla ya C: mabega yakipanda, pumzi imeingia juu ya kifua na haitatosha; shingo ikikaza, koo linafanya kazi ya mbavu. Mara ya pili funga macho, ufuate noti inavyoanza, inavyokua na inavyoachiwa. Kisha rudi kwenye ile ya 1961 na usikilize sentensi hiyohiyo.