Modemu na kompyuta kuu: dhana potofu zinazopoteza siku nzima

"Modemu ni modemu, kebo ya nyaya tatu inatosha."
Nyaya tatu, yaani pini 2 (kutuma), 3 (kupokea) na 7 (waya wa pamoja), zinatosha pale kila herufi inapotumwa na biti yake ya kuanza na ya kusimama. Kompyuta kuu (mainframe) inayotumia BSC au SDLC, taratibu za IBM za kutuma data kwa mfululizo, haitumi biti hizo. Mpokeaji hutegemea mapigo ya saa ili ajue wapi biti inaanza, na kwenye kiunganishi cha pini 25 mapigo ya kutuma hupita pini 15, ya kupokea pini 17. Laini ikigoma kabisa, fungua kifuniko cha kiunganishi uhesabu nyaya kabla hujapigia simu kampuni ya laini.

"Kila modemu iachwe na saa yake."
Hili ndilo gumu kuliko yote, maana laini hufanya kazi, ikakosea, ikarudi tena. Tuseme multipleksa, kifaa kinachopitisha mikondo kadhaa ya data katika laini moja, iko Kampala, na modemu inabeba laini hadi tawi la Mbarara. Bwana saa ni mmoja tu: multipleksa. Kebo ya kuvuka itoe mapigo pini 17 ya multipleksa iyapeleke pini 24 ya modemu, na modemu hiyo ipangwe kwenye saa ya nje. Modemu ya Mbarara nayo itume kwa kufuata saa inayoipokea.

Ukiiacha modemu ya Kampala kwenye saa ya ndani, tofauti ya sehemu 50 tu katika milioni, kwa kasi ya biti 9,600, ni karibu nusu biti kila sekunde. Bafa (hifadhi ya muda ya biti) hufurika au hukauka, biti inapotea, CRC (hesabu ya kukagua makosa) inakataa, fremu (fungu la data) nzima inatumwa upya. Fundi hubadilisha modemu mara mbili na kosa liko palepale, kwa sababu modemu haikuwa mbovu.

"9,600 ni baudi."
Ni biti kwa sekunde; baudi ni idadi ya mabadiliko ya wimbi kwa sekunde. Modemu ya V.29, kiwango cha kimataifa cha modemu, hubadilisha wimbi mara 2,400 kwa sekunde, kila badiliko likibeba biti 4.

"Taa zote zinawaka, basi tatizo liko kwenye kompyuta kuu."
Taa ya pini 8 inathibitisha tu kwamba wimbi la upande wa pili linasikika. Washa kitanzi cha dijitali cha mbali, yaani modemu ya upande wa pili irudishe data ilikotoka: ruwaza ya majaribio ikirudi safi, modemu na laini ni nzima. Hapo kagua anwani ya SDLC ya kidhibiti cha terminali, kisha NRZI, namna ya kuwakilisha biti kwa kubadili hali ya ishara au kuiacha. Upande mmoja ukiwa na NRZI na mwingine NRZ (hali yenyewe ya ishara ndiyo biti), taa zitapendeza lakini hakuna terminali itakayoamka.

"Tuna UPS, radi haitudhuru."
UPS hulinda upande wa umeme. Tororo, mji unaojulikana kwa radi, au Entebbe kando ya ziwa, pigo huingia kwa waya wa simu. Funga kizuia radi kwenye laini yenyewe, waya wake wa ethi uwe mfupi na uungwe kwenye ethi ileile ya umeme wa jengo.